Uso wa Mdogo Wangu Mezani

Nimefundisha katekisimu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na karata nilizishika kwa mara ya kwanza nikiwa nimekwisha kustaafu. Sioni aibu kuliandika hilo. Sikutazamia kwamba katika uzee huu ningekaa kwenye meza yangu mwenyewe, hapa Kasulo, nikiwa nimeshika shupaza na kopa, na moyo wangu umenyamaza kama unavyonyamaza wakati wa kipaimara.

Mdogo wangu alipata kiharusi akiwa shambani kwake anachuma kahawa. Mungu alimwachia miguu, ingawa mmoja unaburuta, na akamwachia akili yake yote. Mkono wa kushoto ulilegea. Maneno yakawa yanatoka moja moja, kwa kazi. Na nusu ya uso wake ikaanguka: pembe ya mdomo ikashuka, shavu likalala, jicho la upande huo likawa halifumbi vizuri. Alikuwa amefiwa na mke siku nyingi na ana binti mmoja, anayefanya kazi Ngara mjini. Tukamhamishia kwangu, katika chumba cha uani, na humo akajifungia. Kwa miezi minane, mgeni akibisha hodi, yeye alifunga mlango.

Kisha ikaja barua ya posa. Kijana alitoka Nyarubungo, upande wa Biharamulo, na wazee wake waliomba siku ya kuja kumwona baba wa binti. Tukawapa Jumamosi moja baada ya mavuno ya maharage. Nilimsomea mdogo wangu barua yote. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kaka. Utakaa wewe."

"Nikae wapi?"

"Kiti changu. Waambie... nimesafiri."

"Umesafiri kwenda wapi na mguu huo?"

Hakucheka. Binti yake alipopigiwa simu alijibu kwa sauti ndogo kwamba kama baba hatakaa sebuleni, wageni wasije kabisa. Tulikuwa na wiki saba, na hawa wawili kila mmoja amesimama kwenye neno lake.

Wiki hiyohiyo nilikuwa natafuta kadi yake ya kliniki kwenye begi lake la zamani, nikakuta pakiti ya karata imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Enzi za kambi za wakimbizi hapa Ngara aliendesha malori ya chakula, na madereva wenzake wa nchi nyingine walimfundisha mchezo unaoitwa poka. Niliponyanyua pakiti ile, niliona jicho lake zima likiifuata. Hakuwa ametazama kitu chochote namna hiyo tangu augue.

"Nifundishe," nikamwambia.

"Wawili... haifai. Wanne."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwenyeji wa poka. Kwanza nilimweleza paroko, kwa sababu sikutaka asikie kwa watu. Aliuliza jambo moja tu, kama kuna hela mezani. Nikasema hakuna, akacheka, akaniambia niende zangu. Mke wangu alikubali kwa udadisi. Wa nne alikuwa jirani yetu, mwalimu mstaafu, Mwislamu aliyezaliwa Biharamulo na kuhamia kwetu kwa ajili ya kazi. Huyo ilibidi nimbembeleze.

"Katekista, unanialika kwenye kamari? Wewe ndiye wa kunipoteza?"

"Hakuna hela, Mwalimu. Tunawekeana maharage."

"Maharage gani, makavu au yaliyopikwa?"

"Makavu wakati wa kucheza, yaliyopikwa baadaye."

"Basi nakuja kwa ajili ya hayo ya baadaye."

Tulipanga Jumapili saa nane mchana, baada ya misa na chakula, na tukakubaliana kabla ya kuanza kwamba saa kumi na moja tunafunga, mtu awe anashinda au anashindwa. Hilo nalishauri kwa yeyote anayetaka kukaribisha watu kucheza. Aliyeshindwa hataomba mzunguko mmoja zaidi, na aliyeshinda hataonekana anakimbia. Mengine yote nilikosea. Niliweka meza uani kwa ajili ya hewa. Niliweka sahani ya ndizi za kukaanga, na baada ya robo saa karata ziling'aa mafuta. Meza ilikuwa tupu, bila kitambaa, kwa hiyo karata zilishikana na ubao na mdogo wangu, mwenye mkono mmoja, hakuweza kuzinyanyua. Halafu, tukiwa tumeshindana kuweka wote wanne hadi maharage yamejaa katikati, kuku wa mke wangu akaruka juu ya meza na kuanza kudonoa.

"Mwacheni," Mwalimu akasema, "huyo ndiye mwenye karata nzuri."

Jumapili ya pili tulihamia sebuleni. Nilitandika blanketi juu ya meza, na badala ya maharage nikagawa buni kavu, ishirini kwa kila mtu, maana kahawa kuku hana haja nayo. Nilikata kipande cha mkaratusi nikakichimba mfereji kwa msumeno, mdogo wangu akasimamisha karata zake humo kama vitabu. Mzunguko wa kwanza tulicheza karata zikiwa wazi, kila mtu akiona za mwenzake, yeye akitunyooshea kidole: hii ree, kubwa kuliko zote, hii jozi, hii si kitu, hii tupa.

Mchezo wenyewe si mgumu. Unapewa karata tano, unazificha. Unaweka buni zako katikati au unajitoa. Unabadilisha karata usizozitaka. Unaweka tena au unajitoa. Waliobaki wanafunua, na mwenye karata bora anachukua zote. Kujitoa tulikuita kulala. Mke wangu, kama wengi wa kwetu, alisema "narara," na Mwalimu hakuweza kuvumilia.

"Nalala, mama. Ulimi juu. Na-la-la."

"Mwalimu," mdogo wangu akasema polepole, "mimi sasa... herufi zote... zinanishinda."

Tukacheka kwa woga, kwa kuwa hatukujua kama tunaruhusiwa. Nikaamua pale pale kwamba anayelala agonge meza mara moja, na anayefuata, yaani anayeendelea kuweka buni, agonge mara mbili, hakuna haja ya kusema. Tangu hapo wote wanne tulikuwa na ulimi mmoja.

Kwangu mimi somo kubwa lilikuwa kulala. Mwanzoni nilifuata kila mzunguko kwa sababu niliona vibaya kujitoa mbele ya wageni wangu, na buni zangu ziliisha kabla ya saa tisa. Mdogo wangu alitikisa kichwa. "Kaka. Ngoja." Nikajifunza kungoja. Mizunguko mitatu, minne, naweka karata chini, natazama wengine, na naona kungoja nako ni kucheza.

Kulikuwa na jambo lililonisumbua. Katika mchezo huu mtu asiye na kitu anaweza kuweka buni nyingi, wengine wakamwogopa wakalala, naye akachukua zote. Nilimuuliza mdogo wangu kama huo si uongo, maana amri ya nane naijua.

"Sijasema... kitu," akajibu. "Nyinyi... ndio mmesema. Moyoni mwenu."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hilo," akasema, "ningelipata nikiwa kazini, ningelifundisha mwaka mzima."

Jumapili ya nne ndiyo ninayotaka kuieleza. Mwalimu alikuwa amelala, mimi pia. Walibaki mke wangu na mdogo wangu. Mke wangu alikuwa na karata nzuri, nilijua kwa jinsi alivyoacha kusema. Mdogo wangu alibadilisha karata moja, akatulia, kisha kwa mkono wa kulia akasukuma buni zake zote katikati ya blanketi.

Sasa katika poka, mtu akifanya hivyo, unapaswa kumtazama usoni. Ndipo utajua kama anazo au hana. Na hapo nikaelewa kitu ambacho kilikuwa mbele yangu miezi yote hiyo. Sisi tulilelewa kutomkazia macho mtu aliyepatwa na balaa. Ukimtazama sana ni kama unamcheka, kwa hiyo unaangalia chini, unaangalia mikono yake, unaangalia mlango. Mimi nilimpelekea Komunyo kila Jumapili, na macho yangu yalikaa kwenye Hostia, nikafurahi kuwa na sababu takatifu ya kutoyainua. Tulifanya hivyo kwa heshima. Na kwa heshima hiyo, hakuna mtu aliyekuwa ameuona uso wa ndugu yangu kwa miezi minane.

Mke wangu aliegemea mbele. Alimtazama. Mwanzo ilikuwa haraka haraka, kisha akasahau adabu, kwa sababu alitaka kushinda. Alitazama shavu lililolala, alitazama jicho lisilofumba, akainuka kidogo kitini ili aone upande wa pili.

"Shemeji," akasema, "upande huu unaniambia una msiba, upande huu unaniambia una harusi. Nimwamini nani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mdogo wangu hakufunika uso. Aliugeuza taratibu, kushoto kisha kulia, kama mtu anayeonyesha kitu cha thamani sokoni, amwache mteja achague.

"Usinigeuzie hivyo, wewe mtu! Una ree au huna?"

Akaugeuza uso tena. Mke wangu alimtazama mpaka saa ya ukutani ikasikika. Uso ule haukusomeka. Sisi watatu mioyo yetu ilikuwa imeandikwa usoni kwa herufi kubwa, na yeye, ambaye tulimhesabu amepungukiwa, ndiye pekee aliyekuwa na uso wa kuficha siri yake. Mke wangu akagonga meza mara moja. Amelala.

Mdogo wangu akafunua. Alikuwa na mbili, tano, saba, tisa na malkia, za rangi mchanganyiko. Hakuna kitu. Hata jozi hakuna. Mke wangu alipiga kelele mpaka majirani wakasikia, akatupa wafalme wake watatu mezani, akamwita mwizi, mchawi wa Ngara nzima, na mdogo wangu akacheka. Alicheka kwa nusu ya uso, mate yakamtoka, akayafuta, akaendelea kucheka. Mwalimu alikuwa anamtazama wazi wazi na mdomo umefunguka. Mimi nilitoka uani nikasimama karibu na kisima kwa muda, kwa sababu nilihitaji kushukuru na sikutaka kuwakatiza.

Jumapili zilizofuata hakufunga mlango wa chumba. Lakini kuhusu Jumamosi ya wageni hakusema neno, nami sikuuliza. Nilikuwa nimejifunza kungoja. Siku tatu kabla, alimwita mke wangu akamwomba ampigie pasi koti lake.

Wageni walifika kabla ya saa sita, wazee wanne na mama mmoja. Binti alikuwa ndani na shangazi zake. Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha katikati, koti limenyooka, mimi pembeni yake. Shikamoo na marahaba zilipita, na niliona kila mgeni, akifika mbele yake, anateremsha macho. Walikuwa watu wenye malezi. Msemaji wao, mzee mwenye mvi, alisimama akaanza hotuba nzuri ya kuomba binti, na sehemu kubwa aliielekeza kwangu, na iliyobaki aliielekeza kwenye mkeka.

Nilihisi kiti cha mdogo wangu kikisogea. Alikuwa anasimama. Mguu uliburuta, nikanyoosha mkono, akaukataa. Msemaji akanyamaza katikati ya sentensi.

"Wazee," mdogo wangu akasema. Tukangoja. Hakuna aliyemsaidia kutafuta neno. "Nitazameni. Msiogope. Baba yake... ni mimi."

Wakainua macho, mmoja mmoja, na yule mama wa mwisho. Mdogo wangu alisimama pale katika mwanga wa dirisha, akawaacha watazame mpaka watosheke, bila haraka yoyote. Kutoka chumba cha ndani nilisikia mtu akilia na wengine wakimnyamazisha. Yule mzee alimtazama mdogo wangu kwa muda mrefu, akavua kofia yake, na akaanza upya hotuba yake yote tangu salamu, neno kwa neno, akimwambia yeye.