Mbuzi Aliyekula Puto

Mtu akija kupima kitu chako na wewe hukumwita, jua kitu hicho kimeanza kuondoka. Hayo sikuyasoma shuleni. Shule yangu ni ngumbaru, ndiko nilikojifunza kuandika nikiwa tayari nina wajukuu, na inanitosha. Niliona watu wakija kupima mafuta yaliyo chini ya ardhi yetu, kisha wakaweka ua. Nikasikia ng'ambo ya ziwa kuna waliokuja kupima upepo, kisha wakasimamisha mapangaboi marefu kuliko mnara wa simu, na huko pia ua. Kwa hiyo mjukuu wangu aliponiambia amepata kazi Lodwar ya kupima upepo, nilifurahi kwa mdomo tu. Moyo ulibaki umekunja uso.

Msinielewe vibaya. Huyo msichana ni fahari yangu. Nilimlea mimi, kwa maziwa niliyouza Kakuma karibu na kiwanja kidogo cha ndege, na hakuna mama pale sokoni ambaye sikumwambia kwamba mjukuu wangu ana kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Lakini fahari ni kitu kimoja na kuamini ni kingine.

Kazi yenyewe ni hii. Wanajaza puto jeupe hewa inayopaa, puto kubwa kushinda mwanamke mjamzito. Wanalifunga kwa uzi, na kwenye uzi wananing'iniza kijisanduku cheupe. Kisha wanaliachilia. Linapanda mpaka macho yanachoka, na kijisanduku kinawaambia walio chini upepo una nguvu gani huko juu na umebeba maji kiasi gani. Mwisho puto linapasuka na kila kitu kinaanguka. Kinaanguka wapi? Hilo hakuna aliyekuja kutuuliza sisi tunaoishi huko kinakoanguka. Boma langu liko nje ya mji, upande wa njia ya Kakuma, na maputo hayo yote yalikuwa yakielekea kwetu kana kwamba yametumwa.

Siku moja alikuja kunisalimu na sukari na majani ya chai. Nilimngoja anywe kwanza, ndipo nikamuuliza.

"Mnautafuta nini huo upepo?"

"Ata, tunataka kuujua tu." Ata ndiye bibi, kwa lugha yetu.

"Hata mwizi wa mbuzi huanza kwa kutaka kumjua mbuzi."

Akacheka. Hakukasirika, amenizoea. Akachukua mawe mawili ya jikoni, akayaweka chini. "Hili ni milima ya Ethiopia. Hili ni milima ya Kenya, huko kusini. Sisi tuko hapa katikati, chini. Upepo unatoka baharini, ukifika hapa unabanwa. Ukiubana unafanya nini?"

"Unakimbia," nikasema. "Kama mbuzi kwenye mlango wa zizi."

"Basi ndio huo. Unapita juu ya vichwa vyetu, si juu sana, na usiku ndipo unakimbia zaidi. Ni kama mto, ila wa hewa. Una maji ndani yake, lakini mvua inataka hewa ipande juu taratibu, ipoe, ifanye wingu. Huu hautulii. Unapita na maji yake, unakwenda kuyamwaga mbele, Sudan Kusini na kuendelea. Ukilegea, sisi tunapata mvua. Ukikaza, tunakauka."

Nikayatazama yale mawe. Miaka yote hiyo, mimi na mama yangu na mama yake, tunachimba mchanga wa laga, mto uliokauka, kutafuta maji ya kunywa, na maji mengine yanapita juu ya vichwa vyetu kama gari lisilosimama kituoni.

"Nani aliupa njia hiyo?" nikauliza.

"Milima, Ata."

"Mmh," nikasema. Milima haina mdomo wa kujitetea, ndiyo maana inasingiziwa.

Akaniambia na mengine. Kuna mito ya upepo mikubwa kuliko huu wetu, huko nchi za baridi, juu kabisa ndege kubwa zinakopita. Inakimbia kutoka machweo kwenda mawio. Yeye aliwahi kupelekwa Amerika kwa mafunzo mafupi, na kutoka Ulaya kwenda huko walikaa angani hadi miguu ikavimba. Kurudi, njia ile ile, walifika mapema. Rubani wa kurudi aliukalia upepo mgongoni. Rubani wa kwenda alikuwa akiupiga kichwa.

"Njia moja haiwezi kuwa na urefu wa namna mbili," nikamwambia. "Hao wa kwenda waliwazungusha ili muwalipe."

"Ata, wewe mwenyewe ulikuwa unaniambia ndege za Kakuma hazitui mpaka zitazame upepo."

Hapo alinishika. Ni kweli. Nikiwa na vibuyu vyangu vya maziwa pale kiwanjani, niliziona ndege za misaada zikizunguka ili zitue uso kwa uso na upepo, na kuna mlingoti wenye soksi kubwa ya kitambaa inayowaonyesha marubani unakotoka. Na ndege ndogo zilipenda kuondoka kabla jua halijawa kali, kwa sababu mchana ardhi ikichemka hewa inazirusha kama mtoto mgongoni mwa punda. Hayo niliyaona kwa macho yangu. Ya kuona kwa macho siyakatai. Nakataa ya kuambiwa na mtu anayelipwa.

Kisha mvua ikakataa. Mawingu yalikuja, yakatutazama, yakaenda zake upande wa Kakuma. Majani ya karibu yakaisha, mbuzi wakaanza kula maganda ya miti. Ikabidi tuamue jambo moja, na mtu wa kwetu anajua uzito wake: tuwapeleke mbuzi Lokiriama, huko mpakani na Uganda ambako milima inashika wingu, au tungoje hapa. Safari hiyo ni ndefu na wanyonge hawafiki. Kungoja nako, mvua isipokuja, hufiki popote. Mbuzi wale ndio chakula chetu na mahari ya wanangu wawili.

Majirani walishaanza kunong'ona kwamba maputo ndiyo yanafukuza mawingu. Mama mmoja kisimani aliniuliza, mbele za watu, "Mjukuu wako anaifukuzia wapi mvua yetu? Atuambie basi, tuifuate." Nilimjibu kwamba kama mjukuu wangu angeweza kufukuza kitu, angeanza na mdomo wa aliyeuliza. Wakacheka. Lakini nilirudi nyumbani na ndoo kichwani na swali lile chini ya ndoo.

Shemeji yangu, ndugu ya marehemu mume wangu, ni emuron. Emuron ndiye anayesoma matumbo ya mbuzi na kuona yanayokuja: mvua, adui, ugonjwa, njia. Tunaenda kanisani Jumapili, na yeye huenda pia, anakaa nyuma. Alisema ameota mbuzi wa rangi ya wingu la mvua. Mbuzi wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, na alikuwa wangu. Nilimtoa kwa majivuno, nisidanganye. Mbuzi wa wengine walikuwa mbavu tupu, wangu alikuwa na tumbo la mviringo kama ngoma. "Mnaona jinsi mbuzi anavyotunzwa," niliwaambia.

Akachinjwa. Wanaume wakakaa nusu duara, shemeji akayatandaza matumbo juu ya majani, akainama. Kwa wanaoyajua, matumbo ni nchi yetu nzima: huku ziwa, huku mito, huku maboma, huku njia. Alisoma kwa muda mrefu. Kisha akaweka kijiti mahali utumbo ulipokuwa mgumu, umefumba kama ngumi.

"Njia ya Lokiriama imefungwa," akasema. "Kuna kitu kimekaa. Sijui ni adui, sijui ni ugonjwa. Na upande huu wetu, tazameni, pamejaa. Pamefura. Shibe iko hapa. Kaeni."

Wanangu walipumua. Hakuna anayependa kusikia kwamba kesho anatembea. Ikaamuliwa: tunangoja.

Nyama ikagawanywa, matumbo yakaja kwangu kuoshwa, hiyo ni kazi yetu wanawake. Nikafika pale pagumu. Nikapasua kwa kisu. Kilichotoka si uvimbe wala mdudu. Ilikuwa mpira mweupe, umejikunja, na ndani yake uzi.

Nilikaa nao mkononi. Kwanza nilikasirika kwamba tumbo nililojivunia lilikuwa limejaa upuuzi. Ndipo nikaona kubwa zaidi. Pamefungwa kwa sababu ya mpira. Pamefura nyuma yake kwa sababu pamefungwa. Alichosoma shemeji si nchi yetu. Alisoma puto.

Sikumwambia mtu. Nilifunga ule mpira kwenye kipande cha leso, nikapanda pikipiki hadi Lodwar, hadi kwenye geti la kazini kwa mjukuu wangu. Askari akaniuliza nina miadi na nani. Nikamwambia nina miadi na damu yangu, amwite. Mjukuu akatoka mbio akidhani kuna msiba.

"Ejoka, Ata?" akanijulia hali.

"Ejok." Nikafungua leso. "Hiki ni chenu?"

Alikitazama, akaziba mdomo kwa mkono. Nikamweleza yote: mbuzi, kijiti, njia imefungwa, tunangoja. Alivyokuwa akisikiliza, nilimtazama macho. Nimelea watoto wengi, najua mtoto anayetafuta uongo mdomoni. Yeye hakuutafuta. Alianza kulia kidogo.

"Usilie," nikamwambia. "Jibu. Mlifanya kusudi?"

"Hapana, Ata. Hatujui yanakoanguka."

"Puto lenu linafukuza wingu?"

"Wingu halifukuzwi na mpira."

"Huo upepo wako umelegea au umekaza?"

Akafuta uso. Nikaona amekuwa mtu wa kazini sasa. "Umekaza. Kila asubuhi puto linakimbizwa upande wa Kakuma, halipandi wima hata kidogo. Sikuahidi kitu, Ata, hata sisi tunakosea. Lakini kama mbuzi wangekuwa wangu, leo wangekuwa njiani."

"Wataweka ua lini?"

"Ua gani?"

"Mkimaliza kupima."

Hakujibu haraka, na nilimheshimu kwa hilo. "Sijui," akasema. "Wakianza, wewe ndiye wa kwanza nitakayemwambia." Jibu hilo nimeliweka. Sijalila bado.

Nilirudi, nikamwendea shemeji akiwa peke yake, kwa sababu mzee haaibishwi mbele ya vijana. Nikamwekea mpira juu ya mkeka, nikamwambia ulikotoka. Aliupindua kwa kidole. Nikangoja anifokee.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "nimesoma matumbo ya serikali."

"Naona hivyo, shemeji."

"Na serikali imesema kaeni mngoje."

"Kama kawaida yake."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza msichana alisema nini juu ya upepo. Nikamwambia. Alituma aletwe mbuzi mwingine, wa kwake, aliyekonda hasa, na kabla ya kuchinja akambonyeza tumbo kwa mikono yote miwili kama mama anayetafuta mtoto amelala upande gani.

Safari hii alisoma haraka. "Njia iko wazi," akawaambia wanangu. "Ondokeni." Wakanung'unika kwamba jana ilifungwa. Akawaambia jana ni jana. Mpaka leo nashuku kwamba siku ile hakusoma matumbo, alisoma uso wangu. Sijamuuliza. Naye hajawaambia watu habari za mpira, nami nimeziandika hapa kwa kuwa najua hasomi.

Wakaenda. Mbuzi wengine walikufa njiani, wanyonge, kama tulivyojua. Waliofika wakapata majani, si mengi, ya kutosha kuishi. Huku kwetu upepo uliendelea kupita na maji yake bila kusalimia mtu, na waliobaki na mifugo waliuza ngozi.

Tangu hapo ninaamka, ninatazama upande wa mji. Puto likionekana, nawaita mbuzi wa maziwa waliobaki nyumbani, nawafungia zizini mpaka niwe nimezunguka na kuokota kilichoanguka. Mjukuu anasema si kila puto linaangukia kwangu. Mimi nazunguka. Na nimeanza kulitazama linavyokwenda. Miezi mingi lilikimbia upande wa Kakuma kama limeitwa. Kisha asubuhi moja lilipanda, likapanda, likabaki pale juu ya mji kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Hewa kwenye shavu langu ilikuwa nzito. Mjukuu alikuwa hajapiga simu wala shemeji hajaota.

Nikampigia mwanangu mkubwa huko Lokiriama.

"Rudisheni mbuzi," nikamwambia.

"Nani amesema, Ata wa watoto? Ni mzee au ni msichana?"

"Nimesema mimi."

"Wote?"

Nikalitazama tena lile puto. Lilikuwa bado limesimama, jeupe, linanitazama. Sikulipenda lilivyokuwa likinitazama.

"Nusu," nikasema.