Karani na Kikuba

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya vyeti vya safari, nyuma ya bibi mmoja wa makamo aliyekuwa akiwahi meli ya Dar es Salaam, aende kuimba harusini.

"Kazi yako, Bi?" karani akauliza.

"Nnaimba, nnatunga nyimbo, nnashona kofia, na mabibi harusi nnawapaka hina."

"Moja tu. Nafasi yenyewe ndogo."

Bibi akatia mkono ndani ya buibui, akatoa kikuba, kishada cha maua alichokibana kifuani, akakisogeza chini ya pua ya karani.

"Hili ua gani, mwanangu?"

Karani akafumba macho, akavuta pumzi. "Asumini... na kilua... na mrehani..."

"Moja tu!"

Foleni nzima tukaangua kicheko. Karani naye akacheka, akaandika "Kikuba", akagonga muhuri, na bibi akaondoka mbio huku akijibandika maua yake.

Nikasema moyoni: kumbe mtu wa mambo mengi hana haja ya kujieleza, anukie tu. Zamu yangu ikafika, na karani bado yumo katika raha zake.

"Na wewe, bwana, unanukia nini?"

Asubuhi nnauza papa mkavu sokoni, jioni nnaandika safu hii. Nikamwambia aandike mwandishi.