Kofia ya Baba Iliyobaki Msibani

Ilikuwa Alhamisi ya kwanza baada ya Idi, na siku hiyo nilipoteza kofia ya marehemu baba kwa aibu ambayo mpaka leo nikiisimulia masikio yananiwaka.

Baba, mzaliwa wa Tabora, aliendesha gari la maji katika mji huu wa Kiarabu, Ibra, na alipenda mno nyimbo za kantri, zile za wachunga ng'ombe wa Marekani. Alinifundisha gitaa, akaniachia kofia yake pana ya ngozi. Alipofariki sikulia, niliimba tu. Binamu yangu Hilali akanirekodi kwa simu nikiimba kantri kwa Kiswahili, watu wakaipenda, na mtu mmoja wa mji wa Sur akanialika niimbe kwenye karamu ya harusi ya mwanawe (mara yangu ya kwanza mbele za watu, na ningeharibu nani angenialika tena?).

"Ng'ombe umewaacha wapi?" Hilali alinitania njia nzima.

Tulielekezwa sabla, ukumbi wa ukoo, nyuma ya msikiti, tukaambiwa tutaona magari. Tukaona magari.

"Mpigie simu mwenyeji kwanza," Hilali akasema.

Nikakataa, nilitaka kuingia kwa kishindo kama msanii (na sabla hutumika kwa harusi na kwa msiba pia, nalijua hilo tangu utotoni). Nikasukuma mlango nikipiga gitaa, kofia kichwani: "Mabruk, mabruk! Hongereni! Bwana harusi yuko wapi?"

Wanaume waliokaa kandokando ya kuta wakainua macho kutoka kwenye misahafu.

Kukimbia hakuwezekani. Aliyeingia msibani huwapa mkono wote kuanzia kulia, basi nikazunguka, gitaa mgongoni likigonga mabega ya watu na kulia kila likigonga, mpaka nikamfikia mfiwa, mzee wa ndevu nyeupe. Nikavua kofia.

"Shikamoo, baba. Nisamehe."

"Marahaba. Kaa, unywe kahawa. Kofia ya nani hiyo?"

"Ya baba yangu. Amefariki."

"Lini?"

Nikalia kile kilio kilichonikwama miezi yote ile, hata waliokuwa wakiingia wakanipa mkono wa pole mimi.

Mzee akanishika goti. "Harusi iko sabla ya pili, mbele kidogo, karibu na mnara wa zamani. Nenda, wanakungoja."

Nikatoka mbio. Niliimba kichwa wazi, sauti bado ina machozi, na watu wakaitikia mpaka wali ukapoa. Tangu siku ile nimealikwa Nizwa, Izki na Jalan.

Kofia niliikumbuka tumeshafika Ibra. Mwenyeji wetu wa harusi akanipa namba ya yule mzee, nikampigia msiba ulipokwisha.

"Mwanangu, vijana walidhani ya marehemu," akasema kwa masikitiko. "Wameitoa sadaka pamoja na nguo zake."

Sasa sifungui mlango wa sabla yoyote kabla ya kupiga simu.

Mwezi uliopita nilikwenda kuimba mji wa Adam, nikapitia soko la mifugo. Mchunga ngamia mmoja alikuwa ameivaa kofia ya baba, imemkaa vizuri kuliko mimi. Nikamsalimia, nikasimama.

"Unanunua au unatazama?" akaniuliza.

"Natazama tu," nikamjibu.