Mkono Wamepima, Mtu Wamemwacha

Tajudin alikuwa muuza vitambaa pale Somanda, Bariadi, na watu walimpendea mdomo wake. Mama wa kijijini akiingia dukani, humwahi kwa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka, mayu!", kisha humtania mpaka asahau kuuliza bei. Mkono ulipoanza kutetemeka, hospitalini walisema ni ugonjwa wa Parkinson, wakampa dawa. Mkewe, Asumini, akaanza kukata vitambaa yeye. Hilo halikumvunja moyo.

Kilichomvunja moyo ni mengine. Tajudin aliacha kucheka. Uso ukakauka kama ubao. Alisahau majina ya wateja wa miaka yote, akawa analia juu ya mkeka wa sala bila sababu, na mara nyingine alimwambia mkewe awapelekee chai wageni sebuleni. Sebuleni hapakuwa na mtu.

Kaka yake, Mtoro, muuza samaki wa sokoni, alikuja kumwona, akatoa hukumu mbele ya majirani.

"Shemeji, umemlisha nini ndugu yangu? Mwanaume hapoozi hivihivi."

"Namwogesha, namfunga vifungo vya shati," Asumini akafoka. "Wewe umekuja kula na kunitukana!"

Maneno kwamba Asumini amemroga mumewe yakaenea mtaani. Wateja wengine wakaacha kuingia dukani.

Baadaye wakaja watafiti wa ugonjwa huohuo, wakawaita wagonjwa kliniki. Kiongozi wao, Daktari Gloria, alimwambia Tajudin agonganishe vidole, ainuke, atembee, ageuke. Asumini alisubiri aulizwe. Hakuulizwa. Alipoanza mwenyewe kueleza habari za kilio na wageni wasioonekana, Gloria akamkatiza kwa upole.

"Mama, hayo ni ya uzee. Sisi tunapima mtetemeko na mwendo."

"Uzee gani? Hajafika hata sitini!" Asumini akasimama. "Mkono nimeshauzoea, Daktari. Kikombe namshikia. Mmetoka mbali kote huko kuja kutazama mkono, na mwenye mkono hamumwoni?"

Ndipo Tajudin aliposema, kwa sauti iliyofifia, "Hasemi uongo. Mimi nimechoka kuishi."

Asumini hakuwahi kuyasikia maneno hayo. Akaketi karibu yake.

Gloria akaweka kalamu chini, akafunga mlango, akaanza kumuuliza Tajudin upya, safari hii kuhusu usingizi, huzuni na kumbukumbu. Mwishowe alikiri kwamba sonona, kusahau na kuona mauzauza ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na kwamba dawa mojawapo ilikuwa ikizidisha hao wageni. Akaipunguza, akaongeza dawa ya sonona.

Asumini hakushukuru. "Kumbe mlikuwa mnajua," alisema, "na mimi naitwa mchawi?"



Kliniki iliyofuata, Asumini alimburuta Mtoro akasikie kwa masikio yake. Mtoro alisikiliza akitazama sakafu. Hajaomba radhi mpaka leo, ila kila Ijumaa huja kumshika ndugu yake mkono kwenda msikitini.

Wageni wa sebuleni wamepungua, na kilio pia. Majina hayajarudi. Siku nyingine Tajudin humwita mkewe kwa jina la dada yake mwenyewe, naye Asumini huitika.

Hasira za Asumini bado mbichi. Kliniki akiona mke wa mgonjwa mpya, humsogelea kwenye benchi.

"Mdogo wangu, usitoke humo ndani hujawaambia kama analia. Wakikwambia ni uzee, usinyanyuke."