Chaneli ya Kichina, Tottenham

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya umeme Tottenham, nikitafuta betri za rimoti. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa Kitanzania, kajifunga kitenge juu ya koti, na binti yake mwenye sare za unesi, macho kwenye simu. Mama alitaka king'amuzi chenye kituo cha televisheni cha jimbo moja la Uchina. Nyumbani Tanzania alizoea kutazama tamthilia zake zikiwa zimetiwa sauti za Kiswahili.

"Kituo hicho kina chaneli ya habari, ya watoto, ya kilimo na ya tamthilia," alisema mwenye duka, Mhindi wa Mwanza. "Lakini huku zote ni Kichina kitupu, mama."

"Weka ya tamthilia."

Kwenye skrini msichana alipokea kikombe cha chai kutoka kwa bibi mmoja.

"Huyo mkwe hakai hapo," mama alisema. "Kapokea kwa mkono mmoja."

Kweli, punde bibi akawa analia na msichana anafunga sanduku.

"Mama, hii huielewi," binti alisema. "Nakuchukulia ya English, ujifunze."

"Mwanangu, tangu nije nasikia nisichoelewa kutwa nzima. Hawa walau wananionyesha nyuso zao."

Binti akatia simu mfukoni. King'amuzi kilipoletwa, binti huyo alikipokea kwa mikono miwili.

Mimi nilipopewa risiti ya betri, niliipokea vivyo hivyo. Mwenye duka akanitazama kana kwamba nimeshuka kwenye ndege asubuhi ile.