Jezi Zilizolala Kamatanda

Mume wangu Athanase alikuwa beki wa kushoto wa timu ya mtaa wetu, Shituru. Walimvunja goti uwanjani kwa makusudi, na mlio wa ule mfupa niliusikia nikiwa nyuma ya goli. Hakucheza tena. Akaanza kubeba mipira, kisha wakampa kusimamia mazoezi ya mbio, mwishowe akawa kocha msaidizi, adjoint kama tunavyosema hapa. Miaka kumi na mmoja. Makocha wakuu watatu walifukuzwa na washabiki kwa mawe mbele ya macho yake. Wa mwisho, Eugène, alitoka uwanjani ameshika sikio linaloning'inia. Athanase alibaki kila mara. Adjoint hapigwi, nani anamkumbuka?

Lakini adjoint ana kazi moja ambayo ni ya mke wake. Jezi za mechi zinafuliwa na mke huyo peke yake, na zinalala ndani ya nyumba yake. Zikilala kwingine, watu wanasema timu imeuzwa kwa mganga wa wapinzani. Nilizifua, damu na matope, hata juma nililomzaa Jessy.

Eugène alipokimbia, komite ya timu ilimwambia Athanase aongoze mechi ya Jumapili dhidi ya Kamatanda, mtaa wa jirani. Waone kama ni mwanaume wa kushika timu.

Wiki ile mvua haikukatika, na umeme haukuwepo. Ijumaa jezi zilikuwa bado zinachuruzika maji.

"Peleka kwa Élisabeth," Athanase akasema. "Yeye iko na courant. Atapiga fer."

Élisabeth ni dada yake mkubwa; kwake umeme ulikuwepo, na pasi ya kuzikaushia.

"Yaya Élisabeth anaikala Kamatanda, Papa Jessy. Bantu batasema nini?"

"Nani atajua? Enda!"

Nikaenda. Zililala huko, nikazirudisha Jumamosi.

Tulifungwa tatu bila. Kabla jua halijazama washabiki walikuwa uani kwangu, na jiwe la kwanza lilipasua dirisha. Mtu alikuwa ameniona na mfuko wa jezi kwenye njia ya Kamatanda. Walinikokota nje kwa nywele, wakapiga teke sufuria ya bukari, ugali wetu wa jioni, wakang'oa mlango. Pitshou, mkubwa wa washabiki, alikuwa na nondo mkononi.

"Muke yako aliuzisha timu!" alimpigia kelele Athanase, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, bado amevaa viatu vya uwanjani. "Weye ulijua, adjoint?"

Wote wakamgeukia. Nilimtazama mume wangu. Neno moja tu lingetosha.

"Minye sikujua kitu," akasema.

Kisha akanipiga. Si kofi. Ngumi ilinilaza chini, halafu kiatu kikaja mdomoni, tena mbavuni. Nilitema meno mawili kwenye matope.

"Sema, muchawi! Sema vile uliuzisha!"

"Eeh! Mguu wa kushoto ungali unafanya kazi!" mtu akasema, wakacheka. Walicheka kweli, kama watu walio kwenye matanga ya mtu wasiyemjua.

Ni Pitshou aliyemshika mkono. "Basi, coach. Inatosha."

Coach. Siku hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwita hivyo.

Jumanne komite ilimpa timu. Alikuja hospitalini na chupa ya Fanta, wakati taya langu limefungwa waya.

"Ningelisema kweli bangetuua sisi wote," akanong'ona. "Mama Jessy, tumepata."

Sikuweza kujibu. Aliyejibu ni Élisabeth. Alitoka kando ya kitanda changu moja kwa moja mpaka kwa katibu wa komite, Bwana Magloire, akamwambia kwamba ni Athanase mwenyewe aliyetuma jezi kwake, na kwamba alikuwa tayari kulisema kanisani mbele ya wote.

Bwana Magloire alimpa kiti.

"Tunajua, mama," akasema. "Alituambia yeye mwenyewe Jumamosi, kabla ya mechi."