Chachu Tumboni mwa Deo

Nilipokuwa mtoto kule Msanzi, chungu cha pombe ya ulezi kilitunzwa kuliko sisi watoto. Bibi, mama yake baba, akishatia kimea, nyumba nzima ilibadilika. Jirani hakupewa moto. Aliyetoka msibani hakuvuka kizingiti. Ugomvi ulikuwa mwiko, na aliyesogeza maji ya baridi karibu na chungu alijitafutia balaa mwenyewe. Bibi alisema chachu ina uhai, na chenye uhai huudhika. Nilimwamini, maana nilikuwa nikitega sikio kwenye chungu na kuisikia ikinong'ona.

Lakini lililonitisha zaidi ni hili: chachu mbichi hailiwi. Bibi alitusimulia habari za mlafi mmoja wa zamani aliyekomba machicha ya pombe kabla hayajaiva. Yakachachia tumboni. Tumbo likavimba, likawa linaunguruma hadi watu wakalisikia uani, na kabla ya jua kutua akafa. Sijui kama mtu huyo alipata kuishi kweli, ila nilimwota mara nyingi kuliko malaika wangu mlinzi.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, na maduka ya dawa ya watu binafsi yakaanza kuchipua Sumbawanga mjini. Baba alikuwa Wampembe akinunua dagaa. Mdogo wangu Deo, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, aliharisha bila kukoma; dawa alizopewa alimaliza, tumbo likazidi. Mama akapanda naye lori hadi mjini. Muuguzi akamwambia maji ya chumvi na sukari yasikatike hata kidogo, na akamshauri anunue pia vidonge fulani vya kupasua, unga wake utiwe kwenye uji wa vuguvugu. Mama hajui kuficha jambo. Aliporudi alimweleza Bibi kama alivyoelezwa, kwamba unga ule ni jamii ya hamira, uko hai, na unakwenda kulituliza tumbo.

Bibi aliunusa, kisha akaninusisha na mimi. Ulinukia kama chungu chetu. Na Deo alikuwa ameshaulamba.

Asubuhi Mama alikwenda kukata ulezi, akaacha agizo la yale maji. Bibi aliitikia vizuri tu. Mama alipopotea machoni, Bibi aliondoa kikombe cha maji yale, akamviringisha Deo kwenye mablanketi mawili, akamlaza karibu na mafiga. Mimi akaniweka mlangoni: moto usitoke, maji ya baridi yasiingie. Hakuwa na roho mbaya. Deo alikuwa amebeba jina la marehemu mumewe, na Bibi angeweza kumfia. Alimlinda kwa namna pekee aliyoijua ya kulinda kitu kinachochacha.

Jua lilipopanda Deo alianza kulilia maji. Nilimtazama Bibi.

"Ukimpa ya baridi, itaudhika," alisema. "Itampasua."

Nilitega sikio kwenye tumbo la mdogo wangu na kusikia mnong'ono uleule wa chungu. Nikamkumbuka yule mlafi, nikasali Salamu Maria moja baada ya nyingine, nikichanganya maneno. Mchana mnong'ono ulikoma. Deo alilia bila machozi, midomo imekauka, macho yameingia ndani, kisha akaacha hata kulia. Bibi alitabasamu.

"Imetulia," alisema. "Sasa inaiva."

Nilikimbia hadi shambani na kumwambia Mama kwamba Deo amenyamaza. Aliangusha kisu akanipita. Njia nzima niliogopa kingine tena: kwamba Mama atafika na kufoka, na ugomvi ndani ya nyumba yenye chachu ndio utakaommaliza Deo.

Mama aliingia, akamtazama mwanawe, kisha akapiga magoti mbele ya Bibi kama anayeamkia.

"Mama, unga mkavu uliwahi kuchacha?"

Bibi alitikisa kichwa. "Hauchachi."

"Na maji tunayotia kwenye kimea yanakuwaje?"

"Ya vuguvugu," alijibu Bibi, na sauti yake ikawa ndogo. Alimtazama Deo kana kwamba ndiyo kwanza anaona alivyokauka. Maji yalikuwa yameshachemka mafigani. Akayapoza mwenyewe akiyapima kwa kidole, Mama akatia chumvi na sukari, wakamnywesha kijiko kwa kijiko. Jioni, kwa mara ya kwanza siku ile, Deo alikojoa, kwenye kitenge cha Bibi. Hakuna aliyeinuka kukibadilisha. Mama alilia.

Leo Deo ana ndevu na anacheka nikimsimulia. Vidonge kama vile siku hizi viko kila duka la dawa, na wauzaji wanavisifia kwa afya ya tumbo. Huenda vilimsaidia. Maji ndiyo yaliyomrudisha, hilo sina shaka nalo. Lakini kama Mama angefoka siku ile, na haki ya kufoka alikuwa nayo, Bibi angemkumbatia mjukuu wake kumkinga na maji, na hao wawili wangemng'ang'ania mpaka awafie mikononi. Watu husema Mama alikuwa mpole kwa asili. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake alipopiga magoti, na niliiona mikono aliyoificha mgongoni. Alikuwa ameikunja ngumi, kucha zimezama kwenye nyama.